Nyumba ya fito na udongo Tanga: tengeneza miguu kabla ya kupiga lipu

Familia ikipata laki mbili tatu za ziada, fedha hiyo mara nyingi huishia kwenye lipu ya saruji upande wa mbele wa nyumba. Nyumba inapendeza, majirani wanasifu. Masika ya pili ukuta ukiugonga unalia kama debe tupu, kwa sababu lipu imeshaachana na udongo. Ya tatu lipu inadondoka mapande mapande, kila pande na udongo mgongoni mwake, na fito zinabaki nje. Fedha imekwenda na chumba kina unyevu kuliko mwanzo. Anayelala na mgongo kwenye ukuta ule ni mtoto.

Nyumba ya udongo yenyewe haina kosa. Inapoa mchana, vifaa vyake viko jirani, na aliyeijenga anajua kuitengeneza. Mwaka 1977 Mwalimu Nyerere alilalamika kwamba watu wanasubiri bati na "udongo Ulaya", yaani saruji, ilhali wana vifaa vya kujengea nyumba nzuri. Saruji ina mahali pake, tutaitumia hapa chini, lakini kidogo na panapostahili. Kinachoiua nyumba ya udongo ni maji yanayopanda kutoka chini, maji yanayoruka kutoka kwenye mchirizi wa paa, na mchwa. Vyote vitatu vinaanzia sentimita 40 za mwisho za ukuta, pale unapokutana na ardhi. Fedha ya kwanza iende huko.

Hesabu zilizomo humu ni za nyumba ya kawaida ya Makorora, Mwanzange au Duga: futi 20 kwa 26, yaani takriban mita 6 kwa 8, mzunguko mita 28, nguzo za miti, fito, udongo uliokandikwa.

Kagua mvua ikinyesha

Toka nje mvua ikiwa kubwa, na chaki au kipande cha mkaa mkononi. Angalia maji ya paa yanaangukia wapi, yanarukia ukuta hadi kimo gani, na yanaelekea wapi baada ya hapo. Kama yanatulia karibu na ukuta kwa zaidi ya nusu saa, weka alama. Kama tone la paa linaanguka karibu na ukuta kuliko sentimita 45, weka alama nyingine.

Siku ya jua pita na bisibisi. Kwenye kila nguzo bandua udongo kidogo usawa wa ardhi, fukua sentimita 20 chini, uchome mti. Bisibisi ikizama zaidi ya sentimita 2 bila nguvu, nguzo hiyo imeoza, hata kama juu inaonekana nzima. Tafuta pia njia za mchwa, ile mifereji myembamba ya udongo inayopanda juu ya mti. Ivunje. Ukirudi baada ya siku tatu ukakuta imejengwa upya, mchwa wako hai na wanakula.

Hesabu nguzo mbovu. Zikiwa chini ya theluthi moja, nyumba inatengenezeka palepale. Zikizidi nusu, huna nyumba ya kukarabati. Una paa la kuhamishia kwenye nguzo mpya, na hiyo ni kazi nyingine.

Miti ya kununua na ya kuacha

Boriti za mikoko ndizo zilizojenga pwani hii, lakini mikoko ni msitu wa hifadhi na kuikata bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, ni kosa. Ukinunua, dai risiti.

Boriti za mkonge ni nyepesi na bei yake ni nafuu, na mikoa mingi haina bahati hiyo. Zitumie kwa pau na fito. Usizifanye nguzo: ndani yake ni laini kama sifongo, zinanyonya maji kutoka chini na kuoza upesi. Mitiki michanga inayopunguzwa kwenye mashamba ya Muheza nayo inahitaji jicho. Sehemu ya kahawia ya katikati ndiyo inayomshinda mchwa. Ile nyeupe ya pembeni inaliwa kama mti mwingine wowote. Mti mwembamba wenye weupe mwingi ni wa paani.

Watu hupaka oili chafu. Inamfukuza mchwa kwa muda, kisha mvua inaiosha na kuipeleka ardhini, kwa hiyo isikaribie kisima. Dawa ya mchwa ya duka la pembejeo inafanya kazi zaidi, mradi ipimwe kama lebo inavyosema na watoto wakae mbali hadi ikauke. Kuliko vyote hivyo, kinachosaidia ni kuutenga mti na ardhi.

Kiguu cha zege chini ya nguzo iliyooza

Hapa ndipo saruji ina kazi yake. Fanya nguzo moja moja, na ukimaliza moja ruka mbili mbele. Nguzo mbili zinazofuatana zisiwe wazi wakati mmoja hata kwa saa moja.

Kwanza egemeza paa. Pitisha ubao wa inchi 2 kwa 4 chini ya makombamoyo matatu, yaani ile miti ya paa inayoteremka kuelekea ukutani, ndani na nje ya ukuta, na chini ya kila ubao simamisha mirunda miwili juu ya kipande cha ubao kipana ili isizame. Piga kabari taratibu. Ukisikia paa linalalama kidogo, acha. Nia ni kulishika lilipo. Ukilinyanyua, udongo wa juu utapasuka kuanzia mtambaapanya, ule mti unaolala juu ya ukuta, hadi dirishani.

Bandua udongo kwenye nguzo hiyo hadi kimo cha sentimita 60, fito ziache. Kata nguzo kwa msumeno sentimita 20 au 25 juu ya ardhi, au juu zaidi mpaka ukutane na mti mzima, mkavu, usiotoa unga. Ng'oa kisiki chote. Kisiki kikiachwa ardhini kinakuwa jiko la mchwa chini ya zege lako jipya.

Chimba shimo la sentimita 25 kwa 25, kina 50. Weka kisanduku cha mbao juu yake ili zege lipande juu ya ardhi, likomee sentimita 3 chini ya ulipokata nguzo. Changanya kwa ndoo: saruji 1, mchanga 2, kokoto 4. Maji yawe kidogo, zege likibanwa mkononi lishikane bila kuchuruzika. Mfuko mmoja wa kilo 50 unatoa viguu vitatu. Simamisha ndani yake nondo mbili za milimita 10, kila moja sentimita 65, sentimita 35 zikiwa ndani ya zege na zilizobaki zikipanda pande mbili za nguzo. Shindilia kwa fimbo mpaka mapovu yaishe.

Funika kwa gunia bichi na ulimwagie maji asubuhi na jioni kwa siku 7. Watu huondoa mirunda siku ya pili kwa sababu imekodishwa. Zege la siku mbili halijafikia hata nusu ya nguvu zake.

Siku ya nane weka juu ya kiguu kipande cha bati kilichotobolewa nondo zipite, kikizidi zege sentimita 5 kila upande, na kingo zake zikunje kuelekea chini. Paka lami kwenye matundu. Bati hili halimuui mchwa, ila linamlazimisha azunguke kwa nje, na hapo utaiona njia yake na kuivunja. Juu yake pigilia kabari mbili za mti mgumu zikikabiliana mpaka nguzo ikae imara, kisha funga nondo kwenye nguzo kwa waya wa kufungia nondo, sehemu mbili, mizunguko mitatu kila sehemu. Sasa ondoa mirunda, kabari moja moja.

Mawe chini ya udongo

Pale udongo wa chini uliposombwa, usirudishe udongo. Jaza mawe.

Kata udongo wote wa chini hadi kimo cha sentimita 40, lakini kwa vipande vya mita moja: fanya mita moja, ruka moja, na zile ulizoruka zifuate baada ya wiki. Chimba sentimita 15 chini ya ardhi, panga mawe ya chokaa au mawe magumu mengine kwa mota ya saruji 1 kwa mchanga 6, upana sentimita 15 hadi 20, mpaka ufike kimo hicho. Mawe ya matumbawe yatoke machimbo ya nchi kavu. Yale ya baharini yaachwe, ni makazi ya samaki na yamejaa chumvi. Kwa nyumba yetu ya mita 28 tripu moja ya kenta ya mawe na mifuko minne ya saruji vinatosha. Fedha ikiwa haifiki, anza na pande za kusini na mashariki, kwa sababu mvua kubwa ya masika huja na upepo wa kusi.

Juu ya mawe tandaza nailoni nzito, ile ya geji 1000, upana wa ukuta na kuzidi kidogo, kisha ndipo udongo uanze. Wengi wanairuka nailoni kwa kuwa ikishafunikwa haionekani. Bila hiyo maji yanapanda ndani ya mota na kuingia kwenye udongo, na baada ya mwaka utaona mstari mweusi wa unyevu ukutani na unga mweupe wa chumvi juu yake.

Ardhi ya nje iinamishwe iondoke ukutani, sentimita 5 kwa mita ya kwanza, na mfereji uwe chini ya mstari wa mchirizi, ukishuka sentimita 2 kwa kila mita. Kupima mteremko si lazima uwe na chombo cha bei: mpira mwembamba mwangavu wa mita 10 uliojazwa maji unatosha, maji yatalala usawa mmoja pande zote mbili. Kubaliana na jirani kabla ya kuelekeza maji. Ugomvi mwingi wa uswahilini unaanzia kwenye mfereji unaoishia mlangoni kwa mwenzako.

Udongo wa kukandikia

Udongo mweusi wa mabondeni unapasuka ukikauka, na udongo wa karibu na bahari una mchanga mwingi, haushiki. Mwekundu wa bara ndio hutafutwa zaidi, ila hata huo upime. Chukua ulio laini, lowanisha, viringisha mkononi uwe utambi mnene kama kidole gumba, usukume taratibu nje ya ukingo wa meza. Ukikatika kabla ya sentimita 5, umepungukiwa mfinyanzi. Ukifika zaidi ya 15 ndipo ukatike, umezidi, ongeza mchanga. Katikati ya hapo ndio wako.

Kisha kandika kiraka cha sentimita 30 kwa 30 ukutani, ukiache siku tatu kivulini. Nyufa zikipita unene wa kucha, ongeza mchanga na nyuzi, jaribu tena. Kiraka hiki kinaokoa wiki mbili za kazi, tafadhali usikiruke.

Nyuzi zinazofaa ni nyasi kavu, na kwa Tanga kuna kitu bora zaidi: singa fupi za mkonge zinazobaki korona, yaani kiwanda cha kuchakata mkonge, zile zisizofaa kusokota kamba. Zioshe utomvu, zikaushe, zikate urefu wa sentimita 5 hadi 8. Ndoo moja ya singa zilizokatwa, bila kushindilia, kwa ndoo tano za udongo. Singa ndefu zinajiviringa kuwa vibonge na udongo haupiti katikati yake. Loweka mchanganyiko siku tatu chini ya turubai, ukanyage kwa miguu kila siku. Udongo uliolowekwa vizuri unanata kwenye kiganja na kuacha ngozi yake unapounyanyua.

Kazi ya kukandika ni ya msaragambo, yaani ya majirani kushirikiana, na inafaa ibaki hivyo. Watu kumi na wawili wanamaliza nyumba hii kwa siku mbili, wakigawana upande wa ndani na wa nje ili kila bonge lipigwe pande mbili kwa wakati mmoja na lishikane katikati ya fito. Mwenye nyumba aandae maji mengi ya kutosha, debe 40 kwa siku si mchezo, na chakula.

Tabaka la kwanza liache likauke na lipasuke, wiki mbili hadi tatu. Nyufa hizo ni za lazima, ndizo zinazolishika tabaka la pili. La pili liwe na mchanga zaidi, unene sentimita 2, na lisuguliwe kwa kibao cha mti, lisilainishwe kwa mwiko wa chuma: lipu inahitaji ukwaruzo wa kushika.

Lipu ya chokaa

Saruji ni ngumu na haipumui. Udongo unavimba ukipata unyevu na kusinyaa ukikauka, lipu ngumu haiwezi kuufuata, inapasuka nyufa nyembamba kama unywele. Maji yanaingia hapo na hayana pa kutokea. Wavu wa kuku hauzuii hilo, unachelewesha tu siku ya kuanguka. Chokaa ni laini zaidi, inapitisha mvuke, na ikipasuka kidogo unaifufua kwa niru, yaani chokaa nyepesi ya kupaka kwa brashi. Msikiti na makaburi ya Tongoni, kusini mwa mji, vilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa bila punje ya saruji.

Hakikisha unanunua chokaa ya kujengea. Chokaa ya kilimo ni jiwe lililosagwa tu, haitashika hata ukingoja mwaka. Jaribu hivi: kijiko cha unga kwenye kikombe, kamulia ndimu. Povu likichemka kwa nguvu, hiyo ni jiwe la kusaga, au ni chokaa iliyokaa dukani ikaingia hewa na kufa. Chokaa hai haitoi povu la maana.

Mifuko saba ya kilo 25 inatosha kuta za nje, takriban mita za mraba 60. Mimina chokaa kwenye maji ndani ya pipa, usimimine maji kwenye chokaa, koroga iwe kama uji mzito, funika na sentimita kadhaa za maji juu yake, uiache wiki mbili au zaidi. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyonata. Pipa liwe na kifuniko chenye uzito, mtoto akitumbukia macho yanaharibika. Anayefanya kazi avae miwani na glavu, na jicho likiingiwa lioshwe kwa maji safi yanayotiririka dakika 20 kabla ya safari ya hospitali.

Mchanga uwe wa mto, ukiwa umechekechwa. Mchanga wa ufukweni una chumvi, na chumvi inavuta unyevu wa hewa maisha yote ya ukuta. Changanya chokaa 1 kwa mchanga 3, piga muda mrefu bila kuongeza maji. Itaonekana kavu mwanzoni, kisha italegea yenyewe. Nyunyizia ukuta maji, piga lipu unene wa sentimita 1 isiyozidi, ukianza asubuhi upande wenye kivuli. Usiku ukiingia funika kwa magunia mabichi na uyaweke mabichi siku tatu hadi tano. Chokaa hugeuka jiwe polepole kwa kuvuta hewa, nayo hufanya hivyo ikiwa na unyevu. Ikikaushwa na jua la saa sita inabaki unga, ukipitisha kidole kinatoka cheupe. Ndiyo kasoro tunayoikuta mara nyingi kuliko zote, na dawa yake ni gunia bichi.

Paa, kwa kifupi

Mchirizi utoke nje ya ukuta sentimita 60. Kama paa ni zima lakini fupi, ongeza upenu wa makuti pande za kusi, ni nafuu kuliko kubomoa. Makuti yanahitaji mwinamo mkali, nyuzi 40 au zaidi, na kila safu iwe sentimita 10 hadi 15 tu kutoka safu iliyotangulia. Paa la makuti lililolala linavuja hata likiwa jipya. Bati karibu na bahari liwe geji 28, geji 30 inaliwa na kutu mapema. Msumari wa kofia upigwe kwenye mgongo wa bati, kamwe usipigwe kwenye bonde ambako maji yanapita. Kila kombamoyo lifungwe kwenye mtambaapanya kwa waya, mizunguko minne, kwa ajili ya upepo. Pengo kati ya ukuta na paa libaki kwa hewa, lizibwe kwa wavu wa mbu.

Sakafu ya ndani iwe juu ya nje kwa sentimita 15: kifusi kilichoshindiliwa, kisha udongo.

Makaratasi na wakati

Mpangaji asitoe hata mfuko mmoja kabla ya makubaliano ya maandishi na mwenye nyumba kwamba gharama zitakatwa kwenye kodi kwa miezi kadhaa inayotajwa, mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Mwenye kiwanja naye apite hapo kuuliza kama eneo lake liko kwenye urasimishaji au kwenye hifadhi ya barabara au mto, na kama kazi yake inahitaji kibali cha halmashauri. Inauma kuona mawe mapya chini ya ukuta uliochorwa alama ya X.

Vikundi vya VICOBA vinaweza kununua kwa zamu: mwezi huu mawe kwa mama huyu, ujao chokaa kwa yule. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ile ya wanawake 4, vijana 4 na watu wenye ulemavu 2, ni ya shughuli za kiuchumi za vikundi, si ya kukarabati nyumba ya mtu mmoja. Lakini vijana watano wanaojua viguu vya zege na lipu ya chokaa ni kikundi chenye biashara ya kueleza.

Kwa kalenda ya Tanga, viguu na mawe fanya Juni na Julai baada ya masika. Pipa la chokaa lijazwe Julai. Kukandika Agosti, lipu Septemba, ili vuli ya Oktoba ikute ukuta umeshashika. Ukichelewa, subiri Januari kuliko kupiga lipu kwenye mvua.

Kila Februari zunguka nyumba na ndoo ya niru, chokaa iliyolowekwa 1 kwa maji 4, na brashi ya katani. Lowanisha ukuta, paka mikono mitatu myembamba, siku moja katikati ya kila mkono. Ikiwa bado mbichi inaonekana kama maji tu; weupe unatokea ikikauka. Palipo na ufa, paka mara mbili. Kisha chutama kwenye kila kiguu, uangalie chini ya kingo za bati kama kuna njia mpya ya mchwa.